Joto la Dunia: Ni la Jua au ni la Mkono wa Binadamu?

Mabishano ni mengi: joto lililozidi duniani ni la jua au ni la mkono wa binadamu? Sisi tunaoanika karafuu kwa kutazamia kiangazi yatupasa kuujua ushahidi.

Mwaka 1958 mtaalamu wa Marekani, Charles David Keeling, alianza kupima hewa ya kaboni katika mlima Mauna Loa, Hawaii. Katika kila chembe milioni moja za hewa, za kaboni zilikuwa kama 315. Sasa zapita 420.

Wasemao ni jua twawajibu hivi: lau lingekuwa jua, hata tabaka za juu za anga zingepata joto. Vipimo vyaonyesha huku chini kumezidi joto, kule juu kumepoa. Ndivyo lifanyavyo blanketi: huzuia joto ndani. Na mwaka 2021 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilitamka kuwa mkono wa binadamu katika jambo hili hauna shaka.

Kudura ya Mungu hatuikanushi. Lakini aliyetia moto shamba la mwenziwe hasemi ni kudura. Lililobaki la kujadiliwa ni nani apunguze moshi, na nani alipe hasara. Hapo mkulima wa karafuu asinyamaze.