Kusi Usiwe Msimu wa Kuangamiza Mbegu

Mvuvi wa Kisauni huugawa mwaka wake kwa pepo. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, bahari ikatulia. Huo ndio wakati wa kuvuka mwamba na kuwatafuta nguru na jodari. Kusi hushika tangu Mei hadi Septemba. Mawimbi hupanda, na mwenye mtumbwi au ngalawa hana budi kubaki ndani ya mwamba au kuingia hori ya Tudor.

Humo horini, jambo la kwanza ni kufuata bamvu. Mwezi unapoandama na unapopevuka, maji hujaa na kupwa kwa zaidi ya mita 3, na mkizi, chaa na changu huingia mikokoni kutafuta chakula. Mshipi wenye chambo cha kamba, ukitupwa mkondoni maji yaanzapo kujaa, humpa mtu kitoweo. Maji yakiwa mafu, heri kushona nyavu.

Linalonisikitisha ni kwamba wengine wetu, kusi likichacha, huingia mikokoni na nyavu za matundu madogo na kuzoa kila chenye mapezi. Mikoko ni malezi ya samaki. Changu mchanga hukulia penye mizizi hiyo kabla ya kutoka kwenda mwambani. Amzoaye sasa anajinyima samaki wa kaskazi ijayo.

Najua nitajibiwa kwamba tumbo halingoji kaskazi. Hoja hiyo ina uzito, kwani kusi ni msimu wa njaa kwa jamaa nyingi za wavuvi. Lakini fungu la vidagaa vya changu haliwezi kulinganishwa na bei ambayo samaki hao wangeleta wakikomaa.

Serikali ilipiga marufuku juya la kukokotwa ufuoni mwaka wa 2001, na kanuni za mwaka wa 2007 zikawapa wavuvi kamati zao za kusimamia fuo. Sheria, basi, ipo. Naona kamati hizo zingefaa kukubaliana kuziacha baadhi ya sehemu za mikoko zipumzike kusi lote, na mwenye mshipi aruhusiwe kwingineko.

Nasi wanunuzi tusijitoe lawamani. Wavu mdogo hurudi majini kwa sababu kuna mkono unaolipia ulichokileta. Tukikataa samaki wachanga sokoni, tutakuwa tumemsaidia mvuvi kuliko askari yeyote wa doria. Akiba haiozi, na akiba ya Kisauni imo mikokoni.