Kompyuta ya ofisini inapogoma kufunguka ukiwa nyumbani

Mhasibu yuko nyumbani, lakini hesabu za mwisho wa mwezi ziko kwenye kompyuta ya ofisini. Anafungua programu ya Remote Desktop iliyomo ndani ya Windows, anaandika anwani, anabonyeza kitufe cha kuunganisha, na sekunde chache baadaye anaambiwa kompyuta hiyo haipatikani. Wengi wakifika hapo hujaribu kila kitu kwa mpigo: wanabadilisha nenosiri, wanazima kinga, wanapakua programu wasiyoifahamu. Hata mambo yakikubali, hawajui ni kipi kilichosaidia, na kompyuta yao huenda imebaki bila ulinzi. Tatizo hili lina mpangilio wake, na ukiufuata hatua kwa hatua kosa halijifichi.

Anza kwa kuusoma ujumbe wenyewe. Ukisema kompyuta haipatikani, usihangaike na nenosiri, kwa sababu bado hujaifikia mashine. Ukisema jina au nenosiri halikubaliki, basi mtandao hauna neno. Shida iko kwenye akaunti. Mgawanyo huo peke yake hukupunguzia nusu ya kazi.

Tuseme haipatikani. Je, imewashwa? Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta nyingi za mezani hubaki zimezimwa mpaka mtu azibonyeze, isipokuwa kama zimepangwa kujiwasha zenyewe. Nyingine hulala zisipoguswa kwa muda, na iliyolala haiitiki. Mpigie mwenzako aliye ofisini akuangalizie, kisha siku ukiwa hapo uzuie hali hiyo ya kulala kwenye mipangilio ya umeme.

La pili ni toleo la Windows. Toleo la Home linaweza kuingia kwenye kompyuta nyingine, lakini lenyewe haliingiliki kwa Remote Desktop. La Pro na la Enterprise yanaingilika. Toleo lako utaliona ndani ya Settings, sehemu ya System, kwenye ukurasa wa About. Hapo hapo kwenye System kuna ukurasa wa Remote Desktop wenye swichi ambayo kwa kawaida huja ikiwa imezimwa. Iwashe, na uandike pembeni jina la kompyuta linaloonyeshwa hapo.

La tatu, ambalo huwakwamisha wanaoanza kuliko mengine yote, ni anwani. Ukipewa anwani kama 192.168.1.25, elewa kuwa ni ya mtandao wa ndani. Ndivyo zilivyo zote zinazoanza na 192.168 au 10, na zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31. Anwani hizo hazivuki intaneti. Ukiiandika ukiwa nyumbani, kompyuta yako itaitafuta kwenye ruta ya hapo hapo kwako na isiione. Ili ufike ofisini unahitaji VPN ya ofisi, yaani njia iliyofungwa kwa siri inayokuingiza kwenye mtandao wao kana kwamba umeketi pale. Hakikisha VPN imeunganika kabla ya kufungua Remote Desktop. Tena, ruta huweza kuigawia kompyuta anwani nyingine baada ya muda, kwa hiyo iliyofanya kazi wiki iliyopita leo inaweza kuwa ya printa. Mwombe fundi aipe kompyuta yako anwani ya kudumu.

Baada ya hapo pima njia. Remote Desktop hupokea wageni kwenye poti namba 3389. Fungua PowerShell na uandike: Test-NetConnection 192.168.1.25 -Port 3389, ukiweka anwani yako badala ya hiyo. Subiri, kisha tazama mstari wa mwisho, TcpTestSucceeded. Ukionyesha True, njia ni nyeupe. Ukionyesha False wakati mashine imewashwa na anwani ni sahihi, ama swichi ya Remote Desktop haijawashwa, ama kuna fayawoli iliyoziba. Fayawoli ya Windows huruhusu yenyewe pindi unapowasha swichi hiyo, kwa hiyo chunguza pia programu ya kuzuia virusi, maana baadhi zina fayawoli zake. Usitegemee amri ya ping peke yake. Mara nyingi Windows haiijibu hata mambo yote yakiwa sawa.

Ukifika na kukataliwa, geukia akaunti. Ile PIN unayoingilia kila asubuhi haifanyi kazi hapa. Linatakiwa nenosiri kamili. Akaunti isiyo na nenosiri hukataliwa moja kwa moja. Msimamizi wa kompyuta anaruhusiwa bila kuongezwa, lakini mtumiaji wa kawaida lazima aorodheshwe kwenye ukurasa ule ule wa Remote Desktop. Usibahatishe mara nyingi pia, kwani akaunti inaweza kufungwa kwa muda.

Sasa niseme lile linaloniumiza zaidi. Kuna wanaoshauri ufungue poti 3389 kwenye ruta ili kompyuta ipatikane kutoka popote. Usikubali. Wahalifu wana programu zinazoipapasa intaneti usiku na mchana zikitafuta poti hiyo. Mwezi Mei 2019, Microsoft ilitangaza dosari iliyokuja kuitwa BlueKeep, iliyomwezesha mtu kuiteka kompyuta ya Windows ya zamani kupitia Remote Desktop bila nenosiri lolote. Ilikuwa nzito kiasi kwamba kampuni ilitoa marekebisho hata kwa Windows XP, ambayo ilikwisha kuacha kuihudumia tangu 2014. Pita kwenye VPN, weka masasisho, na fayawoli ibaki imewashwa.

Kabla hujaondoka ofisini, jaribu kuingia kwenye kompyuta yako kutoka mashine nyingine ya hapo hapo. Ikikubali ndani na kugoma ukiwa nyumbani, kosa liko njiani: VPN au intaneti yako. Ikigoma hata ndani, liko kwenye kompyuta yenyewe. Ukimpigia fundi na kumweleza hivyo, pamoja na jibu la jaribio la poti na maneno kamili ya ujumbe uliouona, utakuwa umemfikisha karibu kabisa na tatizo.