Skrabu ya kahawa: faida iko kwa mteja asiyechubuka

Mtwara haivuni kahawa, huvuna korosho na chumvi. Hata hivyo kahawa ya arabika ya Mbinga haiko mbali, kwani barabara ya Songea, Tunduru na Masasi huifikisha pwani. Mafuta ya nazi hupatikana papo hapo. Kwa sababu hiyo, mtu mwenye mtaji mdogo anaweza kuanzisha biashara ya skrabu ya kahawa bila kuagiza malighafi kutoka nje ya nchi.

Bidhaa ya kusugulia mwili si ngeni ukanda huu. Wanawake wa pwani wanazijua liwa na singo tangu zamani. Kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, wanawake wa Kimakua hupaka usoni mussiro, dawa nyeupe itokanayo na mti. Kwa hiyo mnunuzi wa Mtwara au Mikindani hana haja ya kufundishwa kusugua. La kumfundisha ni kiasi.

Hesabu ya kopo
Kilo 1 ya kahawa iliyosagwa, nusu kilo ya sukari laini na nusu kilo ya mafuta ya nazi hutoa kilo 2 za skrabu, yaani makopo 10 ya gramu 200. Mtu mzima akitumia gramu 30 hivi kwa mara moja, kopo humtosha mara 6 na kubaki kidogo. Akijisugua mara moja kwa wiki, harudi dukani mpaka wiki ya saba.

Hapo ndipo kishawishi kinapoanza. Muuzaji anayetaka kopo liishe haraka humwambia mteja ajisugue kila siku. Ushauri huo ni hasara kwa pande zote mbili. Skrabu huondoa seli zilizokufa juu ya ngozi. Ikizidi, huondoa na zile zinazoikinga ngozi, nayo hukauka, huwasha na kuchubuka. Kwenye ngozi nyeusi mchubuko huacha baka jeusi linaloweza kudumu kwa miezi. Aliyenunua ili ang'are huishia na madoa, wala hanunui kopo la pili. Mara 1 au 2 kwa wiki zinatosha, na mwenye ngozi kavu abaki na mara 1.

Kahawa ipi?
Kahawa ya unga inayoyeyuka, kama Africafe, haifai. Ikikutana na maji huyeyuka, na hakuna kinachobaki cha kusugua. Inayotakiwa ni buni iliyokaangwa, ikasagwa laini na kupitishwa kwenye chekeche. Chenga kubwa zina ncha, nazo hukwangua ngozi. Chumvi ya mawe ya mashambani Mtwara ina kasoro hiyo hiyo, na zaidi ya hapo huchoma penye mchubuko. Sukari laini ni afadhali, kwa kuwa huyeyuka kadiri mtu anavyosugua.

Mashapo ya kahawa iliyokwishanyweka yanaweza kutumika nyumbani siku ile ile. Kwa biashara yana matatizo mawili. Kwanza, yana maji, na kwa joto la pwani huota ukungu upesi. Pili, kahawa ya barazani mara nyingi huchemshwa na tangawizi, ambayo huweza kuwasha ngozi.

Namna ya kutumia
Mteja aelezwe hatua hizi, au azikute kwenye lebo:

1. Apake kidogo upande wa ndani wa mkono na kusubiri saa 24. Pakiwasha au kuvimba, asitumie.
2. Aoge kwanza maji ya vuguvugu. Ngozi iwe imelowa.
3. Asugue kwa vidole, kwa mzunguko mwepesi, sehemu moja isizidi nusu dakika. Asitumie dodoki juu ya skrabu.
4. Asipake usoni, sehemu za siri, wala penye jeraha, chunusi zilizoiva, ukurutu, ngozi iliyoungua kwa jua au iliyonyolewa siku hiyo.
5. Asuuze vizuri, ajikaushe kwa kugusisha taulo bila kusugua, kisha apake mafuta.
6. Aoshe sakafu kwa sabuni. Mafuta ya nazi hutelezesha, na mashapo huziba bomba.

Wapo wanaostahili tahadhari zaidi. Mtu mwenye ualbino ana ngozi inayodhurika upesi na jua, hivyo haifai kuisugua na kuiongezea udhaifu. Mvuvi au mchokoaji pweza wa Msimbati aliyechanwa na matumbawe asubiri kidonda kipone. La muhimu kuliko yote kwa mkoa huu ni wabanguaji wa korosho. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi na kuiacha nyeusi. Kuusugua weusi huo kwa kahawa hakuuondoi, bali huongeza jeraha. Mbanguaji anahitaji glavu au mafuta ya kujikinga kabla ya kazi, na zahanati akishaungua.

Maneno ya kuuzia
Kahawa hulainisha ngozi kwa kuikwangua kidogo na huacha harufu nzuri. Hayo yanaweza kusemwa. Kudai kwamba huondoa michirizi, hupunguza unene au hugeuza rangi ya ngozi ni kuahidi kisichothibitishwa.

Aidha, tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa TFDA. Mzalishaji mdogo huanzia ofisi ya SIDO ya mkoa, ambayo humpa utambulisho wa kumfikisha TBS. Lebo ionyeshe viambato, uzito, jina la mzalishaji, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, pamoja na maonyo.

Kuhifadhi
Maji ndiyo adui wa kopo. Mteja achote kwa kijiko kikavu, asiingize mkono uliolowa, na kopo lisikae bafuni likiwa wazi. Skrabu iliyobadilika harufu au kuota ukungu itupwe. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 25 hivi. Mzigo uliotoka Mtwara ukiwa laini utafika Njombe umekuwa mgumu. Haujaharibika, lakini mnunuzi wa huko aambiwe mapema, asije akaurudisha.

Kwa anayepima kuingia katika biashara hii, ni vyema aanze na makopo 10 ya kilo 1 ya kahawa, ayauze kwa watu anaowafahamu, kisha asubiri wiki 7. Idadi ya watakaorudi ndiyo itakayompa kipimo cha kilo za kununua mara ya pili.