Jani lililonitoa kitandani

JANI la mwaloni lililoloa mvua ndilo lililonitoa kitandani. Ilikuwa Novemba 1996 jijini London, majira yangu ya kwanza ya baridi ughaibuni. Kwa wiki tatu nilikuwa nikirudi kazini na kulala tu. Nilikula mikate na viazi bila kushiba, na barua kutoka nyumbani nilizirundika bila kuzijibu.

Mzee mmoja wa Mombasa niliyepanga naye nyumba alinitazama kwa siku kadhaa, kisha akasema: “Toka nje, mwanangu, hata kama ni kuokota takataka.”

Nikaokota. Nilikuwa na kamera kuukuu, na filamu ya picha 36 haikuwa rahisi, basi nililazimika kukitazama kitu vizuri kabla ya kubonyeza.

Sisi wa Nairobi hatujui giza hilo. Mchana wetu ni wa takriban saa 12 mwaka mzima, ilhali London mnamo Desemba hupata chini ya saa nane. Kwa baadhi ya watu, upungufu huo wa mwanga huleta ugonjwa wa huzuni unaorudi kila msimu. Dkt Norman Rosenthal, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani, aliueleza pamoja na wenzake mwaka wa 1984. Dalili zake ni usingizi mwingi, hamu ya vyakula vya wanga, kunenepa na kutopenda tena ulivyovipenda.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hata siku ya mawingu, mwanga wa nje huushinda ule wa taa za sebuleni mara kadhaa. Saa bora ni asubuhi. Lakini nani atatoka kwenye baridi bila sababu? Hapo ndipo kamera, au simu siku hizi, inapofaa.

Mnamo Oktoba utapata majani ya kila rangi. Umanjano ulikuwemo tangu zamani, ila ulifunikwa na kijani. Wekundu, kwa kawaida, hutengenezwa wakati huo huo jani linapokaribia kuanguka. Kufikia Desemba rangi zimekwisha. Hubaki mishipa ya jani tupu, matunda makavu ya msonobari, manyoya ya ndege, na sakitu kwenye nyasi. Mimi napenda hivi vya mwisho zaidi. Viweke juu ya karatasi nyeupe kando ya dirisha, mwanga uingie kwa ubavu, na kila mkunjo utaonekana. Mjerumani Karl Blossfeldt alikuza picha za mimea namna hiyo, na kitabu chake cha 1928 kingali kinasifiwa.

Usionje mbegu wala uyoga usioujua, baadhi huua.

Tena picha si dawa ya kila kitu. Anayekata tamaa ya kuishi amwone daktari mara moja. Kuna tiba ya taa maalumu, ushauri nasaha na dawa. Mwenye ngozi nyeusi aulizie pia vitamini D, kwani jua la huko wakati wa baridi halitoshi kuitengeneza mwilini.

Ikiwa una ndugu Uingereza au Minnesota asiyepokea simu tangu Novemba, usiseme amejaa maringo. Mpigie tena. Mwombe akutumie picha ya kitu alichookota asubuhi hiyo.