BARABARA YA KARAGWE NA SWALI LA MWENYE MZIGO

Mara nyingi maendeleo ya wilaya hupimwa kwa kilomita za barabara. Kipimo hicho kina ukweli, lakini hakitoshi. Barabara ni nyenzo ya uchumi, na kama nyenzo nyingine yo yote, humfaidia zaidi yule mwenye mzigo unaopita juu yake. Tunapenda kulieleza jambo hili kwa mfano wa barabara ya Karagwe.

Barabara hii huanzia Mutukula mpakani, ikavuka Mto Kagera hapo Kyaka, ikapanda milima hadi Omurushaka na Kayanga, kisha ikaelekea kusini mpaka Kasulo wilayani Ngara. Hapo huungana na njia itokayo Rusumo kwenda Isaka na Dar es Salaam. Tawi lake kutoka Omurushaka hupita Nkwenda, katika Wilaya ya Kyerwa iliyoanzishwa mwaka 2012, hadi Murongo kwenye mpaka wa Uganda.

Njia yenyewe ni ya zamani kuliko lami. Katika karne ya 19 misafara ya Tabora ilipita Karagwe kwenda Buganda, na wafanyabiashara wa Kiarabu walikuwa na kituo chao Kafuro, katika nchi ya Mukama Rumanyika. Pembe za ndovu zilishuka kusini. Nguo, shanga na bunduki zikapanda kaskazini. Mpagazi aliyebeba mzigo hakuwa mwenye mzigo. Wakoloni nao waliielekeza kahawa mashariki, kwenye bandari ya Bukoba, ivuke Ziwa. Mwelekeo wa mzigo ulibadilika, lakini mkulima aliendelea kulima zao asilolipangia bei.

Barabara pia ni ulinzi. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera na kulivunja daraja la Kyaka. Kabla ya mwezi Novemba kwisha, Jeshi letu lilikuwa limetega daraja la muda na kuvuka. Adui alijua thamani ya daraja lile. Hapana budi nasi tuijue wakati wa amani.

Katika miaka ya 2010 kipande cha Kyaka hadi Bugene, karibu kilomita 60, kiliwekwa lami. Ni dhahiri kwamba lami hupunguza gharama ya kusafirisha gunia la kahawa. Swali ni hili: nafuu hiyo humwendea nani?

Tuangalie butura. Mtoto anatakiwa shule mwezi Januari, au mgonjwa yuko hospitali, na kahawa ingali maua mtini. Mkulima huchukua fedha kwa mlanguzi na kuahidi mavuno yake kwa bei ndogo. Msimu ukifika, lori huja upesi zaidi kwa sababu barabara ni nzuri, lakini kahawa inayopakiwa si ya mkulima tena. Nafuu yote ya lami hubaki kwa mwenye lori. Hivyo barabara ileile iliyojengwa kwa kodi ya mkulima humharakishia kunyonywa.

Hapa tujikosoe. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na sheria ya kuvirudisha ikapitishwa mwaka 1982. Karagwe ilipata chama chake kikuu mwaka 1990. Chombo cha mkulima kinapovunjwa au kinapochelewesha malipo, mlanguzi hahitaji hoja. Fedha taslimu zinamtosha.

Kwa hiyo kada anayekwenda Karagwe au Kyerwa asiishie kuhesabu kilomita. Aulize ni kaya ngapi zimeuza butura, na kwa shida gani. Ausaidie ushirika wa msingi kuwa na mfuko wa mikopo midogo kabla ya msimu, na kuwalipa wanachama kwa wakati. Ahakikishe hesabu zinasomwa mbele ya wanachama wenyewe. Kazi hizo hazina sherehe za uzinduzi, lakini bila hizo mkulima ataendelea kusimama kando ya lami akitazama kahawa yake ikienda.