Bendi ya Karo: Kompyuta Inajua Nini Kuhusu Familia ya Mfugaji?

Mwanafunzi anayepangiwa chuo kikuu cha umma na KUCCPS huulizwa maswali mawili nyumbani. La kwanza ni kozi gani amepata. La pili, ambalo siku hizi huulizwa kwa wasiwasi zaidi, ni amewekwa bendi gani.

Neno hilo lilikuja na mfumo mpya wa kugharamia elimu ya juu uliozinduliwa na Rais William Ruto mwezi Mei 2023. Chini ya mfumo huo, gharama ya kozi hugawanywa sehemu tatu: ufadhili wa serikali ambao haurudishwi, mkopo wa HELB ambao hulipwa baadaye, na sehemu inayolipwa na familia. Ukubwa wa kila sehemu hutegemea hali ya kiuchumi ya familia. Mwanzoni familia ziligawanywa makundi manne. Kufikia mwaka 2024 makundi hayo yalikuwa yamegeuzwa kuwa bendi tano.

Kwa viwango vya 2024, mwanafunzi wa chuo kikuu aliye bendi ya kwanza hupata ufadhili wa asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25. Familia yake hulipa asilimia 5. Bendi ya tatu familia hulipa asilimia 20, na bendi ya tano asilimia 40. Tuchukue kozi inayogharimu Sh200,000 kwa mwaka. Mzazi wa bendi ya kwanza atatafuta Sh10,000, wa bendi ya tatu Sh40,000, na wa bendi ya tano Sh80,000. Mkopo wa matumizi nao hupungua kadiri bendi inavyopanda, kutoka Sh60,000 hadi Sh40,000 kwa mwaka. Kwa familia inayouza mbuzi ili ilipe karo, kukosewa bendi moja tu kunaweza kumaliza zizi.

Anayeamua bendi si karani wala kamati. Mwanafunzi hujaza maelezo yake kwenye tovuti ya HEF, kisha programu ya kompyuta hupima uwezo wa familia. Miongoni mwa yanayoangaliwa ni hali ya wazazi, idadi ya watu katika familia, pesa ambazo familia tayari inatumia kwa elimu, shule alizosoma mwanafunzi, jinsia yake, aina ya kozi, na kama anatoka eneo lililoachwa nyuma kimaendeleo.

Wakaazi wengi wa Isiolo wanakumbuka njia nyingine, ile ya basari. Kamati huketi, majina husomwa, na mzee mmoja husema, "Huyu namjua, ngamia wake wote waliisha." Njia hiyo ina uzuri wake, kwa kuwa waamuzi wanaijua familia. Ina ubaya wake pia, kwa kuwa wanaijua familia: nani ni wa ukoo gani, nani alimpigia nani kura. Kompyuta haina ukoo. Lakini haijui pia kwamba mifugo ilikufa. Inajua tu kile ilichoandikiwa.

Hapo ndipo penye tatizo kwa kaunti kama hii. Mwalimu au muuguzi ana hati ya mshahara na kiwango kimoja kila mwezi. Mfugaji wa Merti, Sericho au Oldonyiro hana. Mapato yake huja siku ya mnada, na mwaka wa ukame huenda yasije kabisa. Kati ya 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilikosa kufululiza, na familia zilizokuwa na mali zikabaki na vijiti vya boma. Mtu akimwuliza mzee wa familia kama hiyo ana ng'ombe wangapi, heshima humsukuma kutaja kundi alilokuwa nalo. Fomu haimtaki atunze heshima. Inataka hali ya leo.

Mama anayeuza maziwa ya ngamia naye ana mtego wake. Maziwa huondoka Isiolo kwa basi hadi Eastleigh, na malipo hurudi kwa simu. Kwa mwezi pesa nyingi hupita kwenye simu hiyo, lakini nyingi ni za wafugaji waliomletea maziwa, za nauli na za mitungi. Kijana akiandika jumla yote kama mapato ya mama yake, familia itaonekana tajiri. Kinachofaa kuandikwa ni kile kinachobaki baada ya kuwalipa wote hao.

Malalamiko kuhusu bendi hayakutoka Isiolo pekee. Wanafunzi na mashirika ya kiraia walikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 20 Desemba 2024 Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba mfumo huo ulikiuka Katiba, akitaja ubaguzi na ukosefu wa ushirikishaji wa umma. Serikali ilikata rufaa, na mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha utekelezaji wa uamuzi huo kesi ikiendelea. Kwa hiyo wanafunzi waliendelea kutuma maombi na kuwekwa kwenye bendi kama kawaida.

Jambo moja halizungumzwi sana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa kila mtu haki ya kuona taarifa zake zinazohifadhiwa na taasisi, na haki ya kutaka zilizo na makosa zirekebishwe. Kifungu cha 35 kinaenda mbali zaidi. Uamuzi mzito kuhusu mtu ukifanywa na mtambo peke yake, mtu huyo anaweza kuomba uangaliwe upya. Anayepinga bendi yake basi haombi hisani. Tovuti ya HEF yenyewe hufungua dirisha la rufaa, lakini kwa muda maalumu, na mwanafunzi anayesubiri hadi siku ya kuripoti chuoni huweza kulikuta limefungwa.

Rufaa husimama kwa karatasi. Anayesema ameachwa na mzazi mmoja huhitaji cheti cha kifo, na hapa familia nyingi hukwama. Marehemu huzikwa siku hiyo hiyo, mbali na hospitali, na hakuna anayekumbuka makaratasi. Kwa kifo kilichotokea nyumbani, safari huanza kwa naibu wa chifu, kisha afisi ya usajili wa vizazi na vifo. Usajili wa kuchelewa unakubalika, ila huchukua muda, na ni afadhali uanze mtoto akiwa kidato cha tatu au cha nne kuliko baada ya matokeo. Aliyesomeshwa na mfadhili katika sekondari, hasa ile ya gharama kubwa, apate barua ya kuthibitisha hilo kutoka kwa shule au mfadhili. Bila barua, shule ya bei ghali husomeka kama dalili ya uwezo wa nyumbani.

Kuna suala la saiba. Mtandao ni hafifu nje ya mji, na si ajabu kijana kusafiri hadi Isiolo mjini akajaziwa fomu na mhudumu mwenye foleni mlangoni. Mhudumu hukisia mapato, hutumia barua pepe yake mwenyewe, kisha hubaki na nenosiri. Miezi miwili baadaye bendi imetoka na mwenye akaunti hawezi kuifungua. Mwanafunzi atumie barua pepe yake na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake, na nenosiri asimwachie mtu. Majibu kuhusu mapato yaandikwe nyumbani, kwa kalamu, mzazi akiwepo, kabla ya safari.

Karatasi hiyo itunzwe. Bendi ikitoka tofauti na ilivyotarajiwa, kazi ya kwanza ni kuilinganisha na yaliyo kwenye tovuti, swali kwa swali. Mara nyingine kosa ni sifuri moja iliyoongezwa.