Makomredi wa Kisii: Usitume Deposit ya Keja Kabla Hujasoma Hii

Umeitwa Kisii University, hosteli zimejaa, na sasa unasaka keja Nyanchwa, Jogoo ama Mwembe. Tulia kwanza. Wengi hudhani lando hula deposit siku ya kuhama. Wapi! Huliwa siku ile unaingia, juu hukuandika kitu.

Usitume doh kwa mtu hujakutana naye ndani ya hiyo nyumba. Wiki ya kufungua, chumba kimoja kinaweza "kukodishwa" kwa watu wawili. Fika ploti, ongea na majirani. Waulize lando ni nani na wao hulipa kodi kwa namba gani. Namba zikikataa kufanana, toka.

Cheki dari na kona za ukuta. Gusii hunyesha karibu mwaka mzima, na rangi mpya huficha mengi. Ukiona alama za maji ama ukungu, piga picha, pamoja na kitasa, sinki, soketi na vioo. Mtumie lando kwa WhatsApp siku hiyo hiyo. Siku ya kuhama akitaka kukukata pesa ya rangi, tarehe itakutetea.

Usidanganywe na hiyo mvua pia. Kunyesha nje si maji kwa mfereji. Uliza kama kuna tangi na bili analipa nani. Stima nayo, uliza kama mita ya token ni yako pekee. Mkishare na jirani anayepika na koili, utakuwa unamlipia ugali.

Halafu likizo. Semista ikiisha unaenda hom, lakini kodi haiendi hom. Kabla hujalipa, elewaneni kama utalipa yote, nusu, ama utatoa notisi uhame. Hayo yote, pamoja na deposit ni ngapi na itarudishwa lini, yaingie kwa mkataba. Lando akisema "tunaaminiana", mwandikie meseji ya makubaliano na umwombe ajibu. Risiti ya kila mwezi weka.

Ikichemka, jua haki yako. Nyumba ya kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi inalindwa na Rent Restriction Act, na kesi zake huenda kwa Rent Restriction Tribunal. Hata kama kodi yako ni zaidi ya hapo, lando hana ruhusa ya kung'oa mlango ama mabati ndio uhame. Deposit ikikwama, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya 2016. Inasikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na si lazima uwe na wakili.

Uwe Kisii, Keroka ama Nyamira mjini, hakimu atakuuliza swali moja tu: ushahidi uko wapi? Hakikisha uko kwa simu yako.